Daftari la kijani na daftari la bluu

Jumanne iliyopita mvua ilikuwa imelishika jiji la Mbeya tangu alfajiri, na mtu akiingia dukani kwangu siku kama hiyo, ama ana shida ya kweli ama anajikinga. Huyu kijana alikuwa na yote mawili. Alitoa flashi kwenye mfuko wa ndani wa jaketi, akaifuta kwa shati, akaniomba nimchapie bango la A3, la rangi, nakala sita, zote nizipige lamineti.

Steshenari yangu iko Soweto. Ni chumba kimoja chenye mashine mbili za fotokopi, moja nzima na moja ya kubembelezwa. Nikafungua faili lake. DIRA, DHAMIRA, TUNU ZETU. Pembeni kuna picha ya watu watano wenye suti wanaoicheka kompyuta moja, utadhani imewasimulia jambo. Kijana akasema, "Dada, niangalizie na Kiswahili basi, bosi kasema asione kosa hata moja."

Nikasoma. Ya kwanza sawa, ya pili sawa. Ya nne iliandikwa: Sisi ni familia moja. Nikacheka. Kicheko kilinitoka tu, kama chafya. Kijana akainamia kioo akidhani kakosea herufi. Nikamwambia hapana mdogo wangu, hujakosea, familia umeiandika vizuri.

Nyuma yake walikuwepo wanafunzi wawili wenye fomu za mkopo na mama mwenye cheti cha kuzaliwa kilicholowa, kwa hiyo sikumweleza kilichonichekesha. Naeleza hapa.

Mwaka 2022 nilifanya kazi msimu mmoja kwenye kiwanda cha kufungasha parachichi, upande wa Njombe. Jina la kiwanda sitalitaja. Aliyekuwepo analijua, na ambaye hakuwepo halitamsaidia kitu. Mkataba ulisema mimi ni karani wa utumishi. Kazi zenyewe zilikuwa kuandika mahudhurio, kujaza mikataba ya vibarua na fomu za NSSF, kusaka glavu, kumpigia simu fundi bomba. Afisa utumishi mwenyewe alikaa Dar es Salaam, akija mara moja kwa mwezi na kakoti ka kuendea harusini, anatetemeka siku mbili, anarudi.

Ambaye hajawahi kuingia kwenye nyumba ya kufungashia haelewi kwamba parachichi la kwenda Ulaya ni mgonjwa mahututi. Kabla halijachumwa linapimwa: unakata vipande, unapima gramu kumi, unavikausha kwenye maikrowevu mpaka uzito uache kushuka, unapima tena. Zikibaki chini ya gramu mbili na pointi tatu, tunda halijakomaa, mkulima asubiri. Linachumwa na kikonyo chake, maana kikichomoka hapo ndipo ukungu unapoingilia. Likifika linaoshwa, linapigwa brashi, linapanda kwenye mkanda, akina mama wanalikagua na kulipanga kwenye boksi la kilo nne. Saizi ya parachichi ni hesabu ya matunda yanayoenea humo: yakienea 12 ni saizi 12, makubwa, yakienea 18 ni saizi 18. Kutoka hapo ni chumba baridi, nyuzi tano au sita, kisha kontena, kisha wiki nne na ushee baharini. Mkichelewa kulipooza linaivia njiani, na mnunuzi anafungua mlango wa kontena anakuta uji.

Akina mama wa mkandani walikuwa 64. Majina yao niliyaandika kila asubuhi kwa miezi minne, hata leo naweza kuyataja kwa mfuatano wake. Mmoja tulimwita Kumi na Nane. Alikuwa mtu mzima, mwenye wajukuu, na kiganja chake kilijua uzito kuliko mizani. Ukimpa tunda, hujaliachia vizuri ameshasema "kumi na nane". Siku mizani ilipompinga, fundi alibadilisha betri za mizani, na mizani ikamkubali. Kila nikifika alikuwa wa kwanza kunisalimia kwa Kibena, "Kamwene!", kisha ananicheka ninavyoitikia kwa lafudhi ya Tukuyu.

Julai ikaja barua pepe kutoka makao makuu. Tunu tano za kampuni, kwa Kiingereza. Zitafsiriwe, zichapwe, zibandikwe kabla ya Jumanne, mkaguzi anakuja. Mnunuzi wa Ulaya hanunui tunda peke yake, ananunua na karatasi zake. Ipo GLOBALG.A.P., ambayo inaangalia shamba, dawa, maji na usafi, na ipo nyongeza yake iitwayo GRASP, ambayo inauliza habari za watu: je, wana mikataba, wanalipwa, wana mwakilishi wao, saa zao zinaandikwa? Cheti kikiyumba, kontena linayumba.

Ijumaa usiku nikakaa na zile tunu chumbani kwangu, blanketi mabegani, baridi ya Njombe inapita chini ya mlango. Ya kwanza ilihusu kuwatanguliza watu. Nikaandika WATU KWANZA. Nikaifuta, nikaandika UTU KWANZA, nikajiona mshairi. Jumamosi afisa utumishi akanirudishia: utu ni kitu kingine, rudisha watu. Mpaka leo sijui kama alijua alichokisema.

Ya pili ilikuwa UADILIFU. Hiyo haikunitoa jasho, kila ofisi unayoingia nchi hii inayo ukutani. Ya tatu ilitaka kusema kwamba mfanyakazi aione kazi kama mali yake, nikaandika UMILIKI. Ya nne FAMILIA MOJA. Ya tano UBORA WAKATI WOTE.

Jumatatu asubuhi nikawasomea mkandani kabla mashine hazijawashwa. Nilipofika kwenye umiliki, mama mmoja akanyoosha mkono wenye glavu. "Umiliki wa nini, mwanangu? Tunagawiwa miche?" Nikaeleza kwamba maana yake ni kuifanya kazi hii kana kwamba ni yako. Akafikiri kidogo. "Ingekuwa yangu," akasema, "leo ningefunga saa kumi, nina ugonjwa nyumbani." Walicheka mpaka supavaiza akawasha mkanda.

Sasa niseme habari ya madaftari.

Daftari la kijani lilikaa juu ya meza yangu, lina mhuri, na kila kibarua alilisaini. Kuingia saa 2 asubuhi, kutoka saa 12 jioni, saa moja ya chakula katikati. Saa tisa kwa siku, siku tano, saa 45 kwa wiki, kama Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inavyotaka. Jumamosi haikuwemo kabisa. Kwenye daftari la kijani tulikuwa na wiki ya watu wa benki.

Daftari la bluu lilikaa droo ya chini, chini ya pakiti za wino wa mhuri. Hilo ndilo nililoandika saa ambazo watu walitoka kweli, siku za kontena na Jumamosi. Kontena likishafika uani halisubiri, na mara mbili tatu kwa wiki tulitoka saa 5 usiku. Usiku huo wa Julai nje kulikuwa na baridi kuliko ndani ya chumba cha kupoozea. Kuna wasichana walikuwa wakiingia kwenye friji kuota joto, na sitanii.

Kwa nini yawe mawili? Kwa sababu lazima mtu ajue ni nani alibaki, ili apewe ile tuliyoiita asante ya kontena: shilingi 3,000, soda, na mkate nusu. Na kwa sababu la kijani lilikuwa la kumwonyesha mgeni.

Hesabu niliifanya siku moja mchana kwa kikokotoo cha simu, mlango nimeufunga. Kibarua alilipwa 8,000 kwa siku, yaani kama 889 kwa saa. Sheria inasema saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu, hiyo ni 1,333. Saa tano, kuanzia 12 jioni hadi 5 usiku, ni 6,667. Na kuanzia saa 2 usiku kuna nyongeza ya asilimia 5 ya kazi ya usiku, zipo saa tatu za namna hiyo, ongeza 200. Jumla 6,867. Toa 3,000 ya asante. Kila mama aliacha uani 3,867 kila usiku wa kontena. Zidisha kwa 64: laki mbili na arobaini na saba elfu na kitu, kwa usiku mmoja. Na sheria hiyohiyo inasema saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne, nasi tulizivuka wiki ya tatu. Nakala ya sheria nilikuwa nayo, nimeidurufu mwenyewe, nimeibana kwa stepla, imekaa kwenye faili lililoandikwa "Miongozo".

Nikaifuta hesabu kwenye simu. Kesho yake nikaandika tena, kijani huku, bluu huku, kwa mwandiko wangu uleule mzuri nilioajiriwa kwa ajili yake.

Mtu akisoma hapa atadhani tulikuwa na bosi mwenye pembe. Meneja uzalishaji alikuwa mtu mwema. Usiku wa kontena hakuondoka kabla ya mama wa mwisho, na kwa pikapu yake alifanya safari tatu, nne, kuwafikisha njia panda za vijijini kwao. Mara moja nilimkuta amelala juu ya maboksi na viatu vyake. Alipowaambia "nyie ni familia yangu" hakuwa anaigiza. Aliamini kabisa. Ndiyo maana alishangaa, tena kwa uchungu wa kweli, mama mmoja alipomuuliza habari ya ovataimu. Alimtazama kama mtu aliyedaiwa nauli na dada yake.

Na hiyo familia nilikuja kuiona vizuri kwa binti wa mstari wa pili, aliyekuwa na mtoto wa miezi minne. Sheria inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku, ndani ya saa za kazi, akamnyonyeshe mwanawe. Kwetu hakuna aliyemkatalia, naapa. Ila kila mstari ulikuwa na kadi moja ya choo, kipande cha plastiki chenye namba, na anayetoka sharti atoke nacho. Mtoto alikuwa getini na shangazi yake mdogo, pembeni ya kibanda cha mlinzi, kwa sababu pale palikuwa na jiko la mkaa. Kuvua ovaroli, kutembea hadi getini, kunyonyesha, kurudi, kunawa upya, kuvaa: dakika 35, nimezihesabu. Dakika hizo zote wenzake kumi na watano wanabana mkojo. Basi hakwenda. Hakukatazwa na mtu, aliona haya.

Siku moja nilimkuta kwenye sinki la kunawia mikono, ameinama, anakamua maziwa yaende na maji. Ovaroli imelowa pande zote mbili za kifua. Juu ya sinki pale ndipo nilipozibandika zile tunu tano, kwa kuwa ukuta ule ndio pekee usiomwaga chokaa. Aliponiona aliniomba radhi. Yeye ndiye aliyeniomba radhi mimi.

Siku ya mkaguzi, mgeni njoo mwenyeji apone. Sabuni zilimiminwa kwenye masinki yote. Glavu mpya. Sanduku la huduma ya kwanza, ambalo kwa wiki nyingi lilikuwa na mkasi na pamba iliyozeeka, likajaa plasta hadi likagoma kufunga. Kadi za choo zikakusanywa zikafungiwa stoo. Getini pakawekwa benchi na pazia la kitenge, na binti yule akaambiwa anyonyeshe kwa raha zake. Alikwenda mara nne, mtoto akashiba mpaka akacheua. Mwakilishi wa wafanyakazi alikuwa amechaguliwa jana yake kwa kura ya supavaiza kuuliza "nani anajua kuongea?" Wote wakamtazama Kumi na Nane.

Mkaguzi alikuwa Mtanzania, kijana mpole, hana makeke. Alikataa chakula cha mchana tulichomwandalia, akala chapati mbili alizotoa kwenye begi lake, amesimama. Kisha akachagua majina matano kwenye daftari la kijani, akaenda kukaa nao chini ya milingoti, mbali na sisi. Waliyoongea sikuyasikia. Baadaye Kumi na Nane alinisimulia kuwa aliwauliza tunu za kampuni, naye akazitaja zote tano bila kukosea, kama kwaya ya Pasaka. Akawauliza wanatoka saa ngapi. Wakajibu saa 12 jioni. Wote watano. Hakuna aliyewatisha. Walijua tu kwamba cheti kikipotea, msimu umekwisha.

Saa 9 alasiri akaja ofisini kwangu. Akaomba mahudhurio, nikampa la kijani. Akalifunua taratibu, anatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu akaomba kumbukumbu za paleti za chumba baridi.

Hapo ndipo ilipo hadithi yote. Kila paleti, yaani maboksi yaliyopangwa juu ya jukwaa moja la mbao, ikiingia kwenye chumba baridi huandikwa: namba yake, maboksi mangapi, yametoka shamba la nani, joto la tunda likiingia, tarehe, saa na dakika, na sahihi ya aliyeisukuma. Hakuna mtu kiwandani aliyethubutu kuchezea karatasi ile. Tunda likiozea baharini, mnunuzi anauliza lilipoa saa ngapi, na jibu lazima liwepo. Parachichi lilikuwa na daftari moja tu, na lilikuwa la kweli. Watu ndio walikuwa na mawili. Zile tunu tano nilizozihangaikia usiku, moja haikuwa maneno: ubora. Ubora ulikuwa na kipimajoto, mizani, fomu, na meneja wake mwenye mshahara wa kuulinda. Nne zilizobaki zilikuwa na mimi na gundi.

Mkaguzi akaweka kidole kwenye mstari mmoja. "Huyu aliyesaini paleti hii saa nne na dakika arobaini usiku," akasema, "kwenye mahudhurio ametoka saa kumi na mbili."

Nikasema labda alirudi kuchukua kitu.

"Akasukuma na paleti?"

Nikanyamaza. Goti langu lilikuwa limegusa droo ya chini. Akaniuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza choo kiko wapi: "Dada, kuna daftari lingine la mahudhurio?"

Nikasema, "Hakuna."

Alinitazama kidogo, akaandika. Kalamu yake ilikuwa imeisha wino, nikamwazima ya kwangu.

Aliondoka ameacha hoja: kumbukumbu za saa za kazi hazilingani na kumbukumbu za uzalishaji, irekebishwe. Kikao cha kurekebisha kilikaa saa mbili. Pendekezo la kwanza, la afisa utumishi kwa simu kutoka Dar, lilikuwa fomu ya paleti iondolewe sehemu ya saa. Meneja wa ubora akaruka. Mnunuzi akikataa kontena, nitajitetea na nini? Pendekezo likafa palepale. Nilimwonea wivu, nikiri. Alikuwa na kitu cha kutetea na watu wakamsikiliza.

Wakakubaliana vingine: kuanzia wiki ijayo vibarua walipwe kwa boksi. Kwenye mahudhurio, mahali pa saa ya kutoka paandikwe "kazi imekamilika". Sheria haisemi popote kwamba mtu akilipwa kwa boksi saa zake zinayeyuka, lakini karatasi zikawa zinalingana, na kilichotakiwa ni kulingana. Kadi za choo zilirudi kutoka stoo Jumatano. Benchi la getini lilibaki, hilo niwape haki yao. Pazia lilichukuliwa na mlinzi.

Mimi niliambiwa daftari la bluu nilichome moto.

Msimu uliofuata sikuitwa. Hakuna aliyenifukuza, na sikuwa na la kulalamika, mkataba ulikuwa wa msimu na msimu uliisha. Nikarudi kwanza Tukuyu kwa baba mkubwa, nikamsimulia tukiwa tumekaa nje, anamenya ndizi. Miaka ya sabini alikuwa kibarua kwenye kiwanda kimoja Dar es Salaam. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si la kawaida yake, halafu akauliza, "Hizo tunu, waliwapa nakala?"

Nikasema zilibandikwa.

"Sisi tulipewa kijitabu," akasema. Alikuwa anazungumzia Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971. Kifungu cha 15 ndicho alichokishika kichwani, kile cha kuwakataza viongozi ubabe, dharau na kujikweza mbele ya wanaowaongoza. Anasema viongozi walikiandika kama wanavyoandika mambo yao mengine. Kosa lao, kwa maneno yake, ni kwamba wafanyakazi walikisoma. Meneja akimtukana mtu, watu wanatoa kijitabu mfukoni wanamsomea kifungu. Migomo ilifuatana kuanzia 1971 hadi 1973, viwanda vingine wakawafungia mameneja milango, wakisema hatugombei mshahara, tunadai heshima iliyoandikwa humu. "Kwenu je, hao akina mama walimsomea nani?" Nikamwambia walizikariri, wakamsomea mkaguzi. Akaguna. Lakini naye hakunisimulia yote kwa kujisifu. Mwisho wake, alisema, serikali yenyewe ilichoka, wagomaji wengine wakapoteza kazi, na yeye kijitabu chake alikuja kufungia sukari.

Nilifungua duka Mbeya mwaka uliofuata. Ukimtoa baba mkubwa, sijawahi kumsimulia mtu hii habari, na pengine nisingeisimulia, kama si kwamba juzi Jumapili, siku tano baada ya yule kijana wa bango, simu iliita. "Kamwene!"

Kumi na Nane. Bado yuko mkandani, lakini kiwanda kingine, na kule nako kuna familia. Hakupiga kusalimia. Alituma picha mbili WhatsApp, kurasa za daftari la shule la mraba, la mjukuu, zimeandikwa kwa kalamu ya risasi. Anataka nimpigie chapa vizuri, yenye mistari, aipeleke kwa afisa kazi yeye na wenzake kumi na mmoja. Safu ya kwanza ni tarehe. Ya pili, saa ya kutoka. Safu ya tatu ilikuwa namba ndefu ambazo mwanzoni sikuzielewa, nikadhani ni namba za simu zilizokatika. Nikaikuza picha. Ni namba za paleti. Kila usiku, kabla hajavua glavu, amenakili namba ya paleti ya mwisho iliyoingia kwenye chumba baridi.

Nikampigia. Nikamwambia, mama, hii ni kazi ya nusu saa, sitaki hela, ila njoo Jumamosi na daftari lenyewe, picha haitoshi. Akasema atapanda basi la kwanza. Halafu akanyamaza kidogo, nikasikia kuku nyuma yake, na akaniuliza bila ukali wowote:

"Na lile la bluu, mwanangu, ulilichoma?"

Liko ndani ya boksi la karatasi za A4, chini ya ile mashine ya kubembelezwa. Nikamwambia lipo.

"Basi na lenyewe lichape," akasema, akakata simu.